Mdogo Wangu Hakunipeleka Nyumbani Kwake

Tangu nirudi, kila Jumapili tukitoka ibadani mnanizunguka pale mlangoni na swali lilelile: kulikuwaje huko? Nami nawajibu kwa mkato, kuzuri, kuna baridi, watu wake wapole, kisha nageuza maneno. Mama Grâce amekwisha kusema kwamba Ulaya imenipa kiburi. Si kiburi. Nimeona heri niandike mara moja, msome wote, tusirudie tena. Habari za viza na karatasi siwasimulii, kila mmoja wenu ana zake. Nchi ni Ufini. Mji sitautaja, na mdogo wangu nitamwita Josué, ambalo si jina lake. Mkifika mwisho mtajua kwa nini.

Durban hadi Johannesburg

Wengi wenu hamjui mambo ya kwetu, kwa hiyo nianze hapo. Mama yetu yuko kambini, upande wa Kigoma, na macho yake yanafunga. Mwaka juzi nilipokwenda kumwona alikuwa bado anatambua mtu kwa umbo. Sasa anatambua kwa sauti tu. Josué ni kitinda mimba. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni tulipokimbia kwetu, mama akiwa amebeba sufuria na baba akiwa amebaki nyuma kwa siku zote. Nilipoondoka kambini kuja kusini Josué alikuwa na miaka kumi na minne. Baadaye mama akaniambia kwa simu kwamba mdogo wangu amepata nafasi ya kwenda Ulaya pamoja na jirani yetu, Mama Sifa, na watoto wake. Nilimshukuru Mungu, sikuuliza zaidi.

Miaka ya kwanza alikuwa akipiga simu. Kisha akampigia mama mara mojamoja, kisha akaacha kabisa, akawa ananitumia mimi tu salamu za sikukuu, na mara moja habari kwamba ameoa na ana mtoto. Mama hakulalamika. Ila mwaka huu aliniambia, "Riziki, kabla macho hayajazima kabisa, mwambie Josué aje nimshike uso." Hilo ndilo lililonipeleka. Sikwenda kutalii.

Nilipanda basi asubuhi nikiwa na sanduku moja: vitenge viwili vya wifi, unga wa muhogo, na ndagala wakavu, dagaa wa kwetu, niliowafunga mara nne ili wasinuke. Walinuka hata hivyo. Kule juu kwenye mlima wa Van Reenen malori yalikuwa yamefunga barabara, tukakaa mpaka jua likapita utosini. Bibi mmoja Mzulu aliyeketi kando yangu akatoa magwinya, maandazi yao, kwenye mfuko, akanipa mawili bila kuniuliza jina.

"Uyaphi, ndodakazi?" akauliza, unakwenda wapi, binti.

Nikamwambia kwa Kizulu changu cha sokoni kwamba naenda kwa ndugu yangu. Akasema na yeye pia, kaka yake yuko Soweto.

"Anajua unakuja?" nikamuuliza.

"Nikimpigia simu atahama," akasema, akaendelea kutafuna.

Nilicheka sana. Wangu alikuwa anajua ninakuja. Alikuwa ameniandikia, "Karibu, yaya." Wakenya msicheke tena, kwetu yaya ni dada mkubwa.

Doha, halafu treni

Doha ndege ilichelewa karibu siku nzima. Tulipewa kuponi ya chakula, nikapata wali wenye zabibu kavu na kipande cha kuku kitamu kama keki. Nililala kwenye viti nimekumbatia mkoba.

Helsinki afisa wa forodha alifungua sanduku langu, akafungua mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu, na alipofika wa nne akarudisha kichwa nyuma.

"Hii ni nini?"

"Samaki."

Akawatazama wale ndagala, wadogo kama vijiti vya kiberiti. "Wote?"

Sikuelewa alichotaka nijibu. Nikasema, "Ndiyo, wote." Akafunga sanduku mwenyewe, tena kwa heshima.

Kwenye treni niliingia behewani nikasalimu watu kwa Kiingereza, kama mtu anavyosalimu akiingia penye watu. Hakuna aliyejibu. Mwanamke mmoja alichukua begi lake akahamia kiti cha mbele. Nilidhani ni wale ndagala. Baadaye nilikuja kujua kwamba kule mtu hasalimu watu asiowajua, na wanaona wanakupa nafasi ya kupumua. Dirishani ilikuwa miti, ziwa, miti, ziwa, mpaka nikachoka kutazama.

Josué alikuwa akinisubiri kituoni. Nilimwacha mtoto, nikakuta mwanaume mwenye ndevu na kipara kinachoanza. Nilimjua kwa masikio, yamesimama kama ya baba. Nilimkumbatia nikalia pale pale, na yeye akanipigapiga mgongoni huku akitazama kushoto na kulia.

"Twende, yaya. Gari iko pale."

"Nyumbani ni mbali?"

"Hatuendi nyumbani sasa. Nyumba iko katika matengenezo, vumbi kila mahali. Nimekuandalia kitu kizuri. Siku nne msituni, mimi na wewe tu. Hapa mtu akimpenda mgeni anampeleka msituni."

Nikamuuliza mke wake na mtoto watalala wapi na vumbi hilo. Akasema wako kwa bibi ya mtoto, mama wa mke. Nilikuwa nimechoka, na furaha ilikuwa imenijaa, basi nikamwamini. Alikuwa ameniletea viatu vya kutembelea vya mke wake, vikubwa kidogo, na begi la mgongoni. Sanduku langu alilifungia kwenye buti ya gari. Nilichomoa tu mfuko mmoja wa ndagala na unga kiasi.

Siku ya kwanza: mgongo wa mchanga

Pale njia inapoanzia kuna ubao wenye ramani, na choo cha mbao, na stoo ya kuni ambazo mtu yeyote anachukua bure. Josué alinisomea ubao. Zamani, alisema, nchi yote hii ilikuwa chini ya barafu nene kuliko milima. Chini ya barafu kulikuwa na mito, na mito ile ilibeba mchanga na mawe. Barafu ilipoyeyuka, mchanga ukabaki umelala juu ya nchi kama mgongo wa ng'ombe, mrefu, mwembamba, ziwa huku na ziwa huku. Ndiyo njia tuliyopita, juu ya mgongo huo, katikati ya misonobari iliyonyooka kama nguzo za umeme. Kwenye miti wamepaka alama za rangi ya samawati ili mtu asipotee.

Ni pazuri, sitawadanganya. Chini kuna majani mafupi na matunda madogo ya buluu, unachuma huku unatembea, meno yanakuwa kama ya mtu aliyekunywa wino. Hakuna anayekuuliza shamba hili la nani. Lakini mbu wa kule wana njaa, na begi lilinikata mabega, na kila nilipouliza tunakwenda wapi Josué alijibu, "Hakuna kwa kwenda, yaya. Ni kutembea tu."

"Watu wanatembea hivi bila kwenda mahali?"

"Wanapumzisha kichwa."

"Mimi nilikwisha kutembea," nikamwambia. "Nilitembea msituni wewe ukiwa mgongoni, na sikupumzisha kichwa."

Akachukua begi langu akalibeba kifuani, la kwake likiwa mgongoni, na tukaenda hivyo mpaka kwenye kibanda cha magogo kisicho na ukuta wa mbele. Mbele yake kuna mahali pa moto. Vijana wawili, msichana na mvulana wake, walikuwa wamefika kabla yetu na walikuwa wanachoma soseji kwenye vijiti.

Nilisonga ugali kwenye kisufuria chake cha kambi na nikakaanga ndagala kwa chumvi tu. Josué alipoweka tonge la kwanza mdomoni alifumba macho. Alikula bila kusema neno, akafuta sufuria kwa kidole, na nikaona machozi yanashuka kwenye ndevu. Hapo nikajiambia kazi imekwisha, huyu nikimwambia habari ya mama ataondoka nami kesho.

Vijana wale walionja ndagala mmoja mmoja, nao wakatupatia soseji. Yule msichana akamuuliza Josué jambo kwa lugha yao, akinitazama. Josué akajibu kwa maneno machache.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Ameuliza kama wewe ni mama yangu."

"Umemwambia mimi ni dada yako?"

Akachochea moto. "Nimesema wewe ni rafiki ya familia."

"Kwa nini?"

"Ukisema dada, wanauliza mambo mengi, yaya. Iko rahisi hivi."

Niliona ajabu, lakini nilidhani ni desturi ya nchi. Tayari nilikuwa nimejifunza kwamba salamu ni kosa.

Siku ya pili: mvua

Mvua ilianza asubuhi, ikawa ile isiyo na haraka wala mwisho. Viatu vikajaa maji. Kisigino kikachubuka, nikaanza kuchechemea. Mahali fulani tukakosa alama, tukashuka kwenye bonde lenye kinamasi, na nikazama mpaka kiunoni. Josué alinivuta akicheka, na mimi nikacheka, na kwa muda mfupi tulikuwa watoto wa mama yetu Nyota tena, hatuna lingine.

Nikaona ndiyo nafasi. Tumekaa chini ya msonobari mkubwa, tunakunywa kahawa kutoka kwenye chupa ya chai, nikamwambia yote: macho, sauti, neno la kushika uso. "Una pasipoti," nikasema. "Wiki moja tu. Unashuka Dar, unapanda basi, unamwona, unarudi."

Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. "Nitafikiri," akasema.

"Kuna nini cha kufikiri?"

"Yaya, nimesema nitafikiri."

Jioni tulifika kwenye kibanda chenye milango, kando ya ziwa. Mzee mmoja alikuwepo, ndoo yake imejaa matunda ya buluu. Alipomwona Josué alisimama akampa mkono, wanajuana, kumbe walifanya kazi pamoja kiwandani. Wakazungumza. Katika maneno yale ambayo sikuyaelewa nilisikia moja nililolielewa, akalirudia mara mbili: Emmanuel.

"Anakuita Emmanuel?"

"Ni jina nililochukua huku. Josué wanashindwa kulitamka."

Mzee akatuwashia sauna, kijumba cha mbao chenye mawe ya moto. Alinifanyia ishara niingie wa kwanza, peke yangu, akanipa taulo yake safi. Niliingia nimevaa nguo zangu zote, nikatoka nusura nizimie, na yule mzee alipoona sweta langu linatoa mvuke alilazimika kuketi chini kwa kicheko. Josué alinieleza kwamba mtu huvua. Nikasema asante kwa kuniambia mapema. Kati ya watu wote niliokutana nao kule, mzee yule ndiye ningependa kumwona tena.

Siku ya tatu: wageni wa mchana

Jua lilirudi. Tulikuwa tumetandaza soksi kwenye miamba, mzee amekwisha kuondoka, tukasikia gari kwenye njia ya wakata miti, kisha sauti ya mtoto. Josué alisimama haraka mno. Akatoka mwanamke mwenye nywele fupi nyeupe kama pamba, amebeba kikapu, na mbele yake msichana wa miaka saba hivi, mweusi wa kahawia, masikio yamesimama.

Mwanamke alinijia moja kwa moja akanishika mikono yote miwili. Alizungumza Kiingereza kizuri. Jina lake Kaisa, mke wa Josué. Aliniomba radhi. Alisema nyumbani wamenitandikia kitanda, lakini Emmanuel amemwambia mimi ni mtu wa kutembea, silali ndani ya nyumba, nimekuja kwa ajili ya msitu tu.

Nilimtazama Josué. Alikuwa anatazama soksi.

"Ni kweli," nikasema. "Napenda kutembea."

Kaisa alitandaza kitambaa, akatoa mikate ya mdalasini bado ina moto, na kahawa. Mtoto akaketi karibu nami akaanza kuhesabu misuko yangu kwa kidole. Nikamuuliza jina.

"Nyota," akasema.

Nikaweka kikombe chini. Kaisa akatabasamu.

"Ni jina la mama yake Emmanuel," akanieleza. "Alikufa kambini kabla mtoto hajazaliwa. Emmanuel haongei juu yake, anaumia. Lakini kwenye makaburi yetu kuna jiwe la kuwakumbuka watu waliozikwa mbali. Kila mwaka baridi ikianza tunakwenda, Nyota anamwashia bibi yake mshumaa." Halafu akaniuliza, polepole, kama mtu anayegusa kidonda cha mwingine, "Wewe ulimfahamu?"

Josué aliinua macho kwa mara ya kwanza. Nimeona macho yale mara moja tu kabla ya hapo, siku tuliyokimbia, nilipomwambia asilie maana watatusikia.

"Nilimfahamu," nikasema.

"Alikuwaje?"

Basi nikamweleza. Alikuwa mrefu. Alikuwa anaimba akisuka mikeka. Alikuwa hapendi mtu apite mlangoni kwake bila kula. Kila neno nililianza kwa *alikuwa*, nikamzika mama yangu kwa mdomo wangu mwenyewe, juu ya mikate ya mdalasini, na Kaisa akafuta machozi, na mtoto akaniuliza kama bibi alikuwa na misuko kama yangu. Nikasema ndiyo. Kaisa akatupiga picha, mimi na mtoto, kisha sote, akanitumia papo hapo kwenye simu. Akasisitiza nilale kwao siku ya mwisho. Josué akasema treni yangu ni ya mapema.

Walipoondoka mtoto alinipungia mkono kwenye kioo cha nyuma mpaka gari likapotea kwenye miti.

Juu ya mgongo

Sikupaza sauti. Nilivaa viatu vikiwa bado vibichi nikaanza kutembea, na yeye akanifuata. Tulipanda tena juu ya mgongo wa mchanga, mahali pa juu kabisa, maziwa yote yanaonekana. Hapo nikakaa.

"Sema," nikamwambia.

Akasema. Emmanuel alikuwa mtoto wa Mama Sifa, rika lake. Alikufa kwa homa faili la familia la kwenda Ulaya likiwa limekwisha kupita, majina yamekwisha kuandikwa. Mama Sifa alikuja usiku uleule kwa mama. Mtoto mmoja hayupo tena, nafasi ipo. Mama ndiye aliyemwamsha Josué, akamwambia kuanzia leo ukiitwa Emmanuel, itika.

"Mama alikubali, yaya. Si mimi niliyetunga. Maofisa walipouliza habari ya familia yangu nyingine nilisema sina. Ningesema nini? Wakijua leo, watafungua dossier, lile faili lote, upya. Mimi, Mama Sifa, watoto wake wote."

"Hilo silikatai," nikasema. "Karatasi ni karatasi, sisi sote tunajua karatasi. Mke wako pia ni karatasi? Mtoto ni karatasi? Unamshika mtoto mkono, unampeleka makaburini kwa ajili ya mtu ambaye asubuhi hii amekunywa uji?"

Kisha akaniambia jambo ambalo mpaka leo sijajua nilipeleke wapi. Alisema, "Mama Sifa anakaa mtaa wa pili. Namwita mama tangu nikiwa na miaka kumi na sita. Alimzika wake, akanipata mimi. Anaumwa miguu, mimi ndiye namwogesha. Nikimleta yule mwingine, huyu nitamweka wapi?"

*Yule mwingine.* Ndivyo alivyomwita.

"Hujaombwa kumleta," nikasema. "Umeombwa kwenda."

"Nikienda, nitamwambia Kaisa naenda kumwona nani?"

Nikaangalia simu. Juu pale mtandao ulikuwepo. Nikapiga namba ya jirani wa mama, akamwita, nikasikia miguu yake ikiburuta kandambili. Nikampa Josué simu. Aliipokea. Naapa aliipokea mwenyewe, akaiweka sikioni.

Nilikuwa karibu, nilisikia. "Riziki? Riziki, mwanangu?" Josué alifungua mdomo. Kifua kilipanda na kushuka kama cha mtu aliyepanda mlima. "Mbona kimya? Nani anapumua hapo?"

Akanirudishia simu.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Ni upepo. Niko mahali pa juu."

"Umemwona?"

"Nimemwona. Nitakupigia nikifika Durban."

Nilipokata simu Josué alikuwa ameketi chini, amefunika uso. Nikamwambia tushuke, kisigino kinaniuma.

Kurudi

Siku ya nne tulitembea bila kuzungumza, isipokuwa shika hapa, kuna utelezi. Kituoni alitoa sanduku langu kwenye buti. Lilikuwa vilevile. Nikatoa vitenge nikamwambia ampe mke wake.

"Nitasema rafiki ya familia ameviacha," akasema.

"Sema unavyotaka."

Nilivua vile viatu nikampa, nikapanda treni na makubazi yangu. Sikusalimu mtu behewani. Doha ndege haikuchelewa, na nilijikuta nasikitika kwamba haikuchelewa, maana sikuwa na neno la kupeleka nyumbani.

Jumapili niliyorudi mnaikumbuka. Mchungaji alinisimamisha mbele, akawaambia Mungu amewakutanisha ndugu waliotengana, mkapiga makofi na Mama Grâce akapiga vigelegele. Nikasema amina. Jioni, nikiwa chumbani kwangu Sydenham, niliweka picha moja kwenye status, ile ya sote. Haikumaliza saa. Josué akaniandikia: *Yaya, tafadhali toa hiyo picha. Watu wa kambini wako katika simu yako.* Nikaitoa. Ndiyo sababu mkiniomba picha nawaambia simu iliingia maji. Haikuingia maji.

Kwa mama nilichelewa kupiga, wiki nzima. Mwisho alipiga yeye, jirani akimshikia simu. Akasema hataki maneno mengi, atumiwe picha, jirani atamweleza ilivyo. Nilijua Josué hataki. Nikatuma ile ya mimi na mtoto peke yetu. Nikamsikia jirani akieleza: ni mtoto wa kike, mwembamba, anacheka, masikio yamesimama kama ya marehemu mume wako. Mama akacheka. Sijasikia kicheko hicho tangu nikiwa msichana.

"Na Josué atakuja lini?"

"Kazi zimembana, mama."

"Kazi," akasema. "Huyu mtoto anaitwa nani?"

Nikamwambia.

"Kumbe wananikumbuka," akasema.

"Wanakukumbuka, mama. Kila mwaka mtoto anakuwashia mshumaa."

"Mshumaa wa maombi?"

Niliona jiwe lile ambalo sijawahi kuliona, theluji, na mtoto ameinama na kiberiti.

"Ndiyo," nikasema. "Wa maombi."

Akafurahi sana. Akawa anamweleza jirani, nikimsikia, kwamba ana mjukuu Ulaya anayemwombea kwa mshumaa. Kisha akarudi kwenye simu akaniambia niwafikishie asante yake, na niwaambie wasiache.